Upande wa Nane wa Mimbari

Mke wangu alipolala hospitalini wiki nane, nilimwahidi Mungu mimbari. Sikuahidi kwa sauti, maana wodini kulikuwa na wagonjwa wengine na sikutaka waanze kuniagiza vitanda. Niliahidi moyoni, nikiwa nimeshika kikombe chake cha uji: akitoka hapa kwa miguu yake mwenyewe, nitalitengenezea kanisa letu mimbari ya mninga yenye pande nane, upande mmoja kwa kila wiki aliyolala. Alitoka kwa miguu yake. Tena alitoka akilalamika kwamba nimemletea viatu visivyofanana, na hapo nikajua kwamba amepona kabisa.

Mimi ni seremala, na ni mzee wa kanisa. Karakana yangu iko Nyegezi, hapa Mwanza, chini ya jabali kubwa ambalo asubuhi hutupa kivuli na mchana huturudishia joto lote lililobaki. Nimefanya kazi hapo zaidi ya miaka arobaini. Jumamosi hufunga mapema na kwenda kuwafundisha vijana wa kipaimara, na somo nililolipenda kuliko yote ni lile la mizani ya haki na vipimo vya kweli. Nililifundisha nikiwa nimeinua guniya yangu juu ili wote waione. Naomba msomaji asiusahau mkono huo ulioinuliwa, kwa sababu Mungu hakuusahau.

Guniya ni kile kifaa cha fundi chenye mikono miwili, mmoja mnene wa mti na mwingine bapa la chuma, iliyoungana kama kona ya mlango. Vijana wanakiita skwea. Kazi yake ni kuchora pembe mraba na kuikagua. Yangu niliirithi kwa fundi aliyenifundisha kazi, na mti wake ulikuwa mweusi na laini kwa jasho la viganja vyake na vyangu. Pale barabarani kwetu kulikuwa na desturi ambayo sikuianzisha mimi, ingawa sikuikataa pia. Fundi yeyote akinunua guniya mpya, kabla hajaitumia huileta kwangu. Hunipa shikamoo, nami huitikia, kisha naitoa yangu ya zamani kwenye kitambaa chake, naziweka mgongo kwa mgongo, natazama mwanga unapita wapi. Ikikubaliana na yangu, humrudishia mwenyewe kwa neno la baraka. Isipokubaliana, huchukua msumari, hukwaruza alama ya X kwenye bapa lake, humwambia airudishe dukani.

Miaka ya karibuni zisizokubaliana zilikuwa nyingi mno. Nililaumu viwanda.

Duka zilikorudishwa lilikuwa la mtani wangu, kule mtaa wa Mabatini. Yeye ni Mzaramo aliyekuja Mwanza akiwa kijana na kusahau kurudi pwani, Mwislamu wa swala tano, na anauza kila kitu kuanzia misumari hadi mapipa ya maji. Sisi Wasukuma ni watani wa Wazaramo tangu wakati wa mababu, na utani huo humpa mtu ruhusa ya kukwambia usoni jambo ambalo mwanao wa kumzaa asingethubutu. Kila tulipoonana aliniuliza guniya zake zimeikosea nini familia yangu. Nami nilimjibu kwamba Mzaramo amezoea kunyoosha miguu kwenye ngoma, hayo mambo ya kunyoosha vyuma awaachie wanaojua. Tulicheka na kuagana vizuri, na yeye aliziweka zile guniya mahali fulani. Sikuuliza wapi.

Mchungaji alipoijua nadhiri yangu, aliitangaza kanisani. Alisema mimbari itawekwa wakfu Jumapili ya mavuno, siku ambayo washirika huleta mahindi, mihogo, kuku na hata mbuzi madhabahuni. Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo ahadi yangu haikuwa tena kati yangu na Mungu tu, ilikuwa na mashahidi mia tatu na kwaya.

Mbao nilikuwa nazo, mninga niliouhifadhi juu ya dari kwa miaka mingi, mwekundu na mzito, wa kutosha mimbari moja na si zaidi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mbao nane zinasimama kwa duara, saba ni ukuta na ya nane ni mlango mdogo wa mhubiri kuingilia. Ili zikutane bila nafasi, kila ubao lazima upigwe randa mshazari pande zote mbili, kwa pembe ambayo ni robo ya pembe mraba. Niliipata kwa njia niliyofundishwa. Nilichora pembe mraba kwa guniya yangu, nikaigawa nusu kwa bikari, nikaigawa tena ile nusu, nikatengeneza kibao cha mfano cha kuongozea randa. Kisha nikapiga randa kingo kumi na sita, taratibu, nikiimba tenzi kwa sauti ya chini. Sijawahi kupiga randa vizuri vile maishani mwangu.

Jumatatu ya wiki ya mavuno nilizisimamisha mbao zote nane, bila gundi, nikazizungushia kamba na kukaza. Saba zilikaa kama ndugu wanaopendana. Ya nane haikufika. Kati yake na ya kwanza palibaki nafasi ya kupitisha kidole, kuanzia juu hadi chini.

Mke wangu alikuwa ameniletea chai. Aliizunguka ile mimbari mara moja, akaingiza kidole chake cha shahada kwenye ule uwazi, akakitazama kikitokea upande wa pili.

"Baba," alisema, "mimi niliumwa wiki nane. Sikuumwa wiki nane na kidole."

Nilimweleza kwamba ni unyevu wa ziwa. Mninga unapovuta unyevu hujinyonga. Akasema mninga huo ulikaa juu ya dari yetu miaka yote hiyo na unyevu haukuugusa hadi leo. Nikasema basi ni sakafu ya karakana. Akanikumbusha mlango wa chumba chetu cha kulala, ambao niliutengeneza mwenyewe na ambao tangu niuweke haufungiki mpaka upigwe teke kwa chini. Siku zote nilimwambia ni nyumba imeshuka. Nyumba yetu imejengwa juu ya jabali.

"Ndiyo nyumba ya kwanza kujengwa juu ya mwamba ikayumba," alisema, akachukua kikombe na kwenda zake.

Nilikaa pale nikiitazama ile nafasi. Nilijua kuna njia ya kuiziba. Unakata kibanzi chembamba cha mninga, unakichomeka na gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, unapiga msasa, unapaka vanishi, na hakuna mshirika atakayejua. Nimewahi kufanya hivyo kwenye kabati za watu. Lakini nilikuwa nimeahidi pande nane, na kibanzi kingekuwa upande wa tisa, mwembamba, ambao ningeujua mimi na Yule niliyemwahidi. Zaidi ya hapo, mke wangu angekijua. Sikukikata.

Jumanne nikaamua kwamba kosa ni la njia yangu ya kizamani. Bikari imechakaa, macho yamechoka, siku hizi kuna vifaa vya kisasa vya kupimia pembe. Nikafunga guniya yangu kwenye kitambaa, nikapanda gari hadi Mabatini.

Mtani alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya meza ya duka. Aliponiona aliwatangazia wateja kwamba Msukuma amekuja, wafunge ndoo za unga. Nilimwambia nimekuja kununua kifaa cha pembe, na kwamba kwa kuwa yeye ni Mzaramo nitakikagua kwanza. Akasema nisiwe na haraka, akanipangia mezani kila alichokuwa nacho.

Nawashauri wenzangu wazee, mkienda kuchagua vifaa hivi, nendeni na miwani. Kulikuwa na guniya ndogo ya chuma kitupu, nzito vizuri mkononi, na uzito ni jambo jema kwa sababu guniya nyepesi huteleza penseli inapoisukuma. Kulikuwa na kubwa ya bati jepesi, inayofaa kenchi za paa kuliko kazi ya mezani. Kulikuwa na moja ambayo kichwa chake huteleza kwenye rula na hubeba pembe mbili, mraba na nusu yake, ila skrubu yake ilinitia mashaka, maana chochote kinacholegea leo kitalegea na kesho. Kulikuwa na ile ya kukunja, ambayo haina pembe yake yenyewe. Unaifungulia mahali, unaikaza, unaibeba pembe kama mtu anayepeleka salamu, na kama salamu zilikuwa za uongo itazifikisha vilevile. Kulikuwa na kipimapembe cha chuma, na kingine cha plastiki kama cha wanafunzi, ambacho nyuzi zake zilisomeka vizuri kuliko vyote. Mwisho akaleta kitu cha betri chenye miguu miwili, ukikifungua kinaandika namba kwenye kioo. Nilikiogopa kidogo. Sikuonyesha.

Nikaifungua guniya yangu kwenye kitambaa na kuanza kukagua.

Ile ndogo ya chuma haikukubaliana nayo. Niliiweka kando. Ile kubwa haikukubaliana. Ya kuteleza, nayo hivyo hivyo. Kwa kipimapembe cha plastiki, guniya yangu ilipungua pembe mraba kama nusu ya uzi, yaani nusu digrii, nikamwambia mtani kwamba plastiki hujikunja kwa jua. Kile cha chuma kilisema hivyo hivyo, nikasema kimechapwa vibaya. Tukakifungulia kile cha betri ndani ya guniya yangu, kikaandika themanini na tisa na nusu. Nikamwomba abadilishe betri.

Alibadilisha betri bila kunitania, jambo ambalo kwa Mzaramo si la kawaida. Kikaandika themanini na tisa na nusu. Wateja wawili walikuwa wameacha kununua na kuegemea meza.

"Mtani," alisema polepole, "hawa wote hawajawahi kukutana. Huyu ametoka India, huyu China, huyu wa plastiki anatoka kwenye begi la mtoto wa darasa la sita. Wote wamesema neno moja. Ni wewe peke yako uliyenyooka?"

Nilisema guniya ile ilikuwa ya mwalimu wangu. Akasema mwalimu wangu hakuna aliyemgusa, Mungu amrehemu, na akachukua ubao mfupi wenye ukingo ulionyooka, akauweka mbele yangu pamoja na penseli. Hakunieleza la kufanya. Alijua kwamba najua.

Kila fundi anajua. Unaegemeza guniya kwenye ukingo wa ubao na kuchora mstari. Kisha unaigeuza, mgongo wake uangalie upande mwingine, unaegemeza tena na kuchora mstari wa pili kutoka nukta ileile. Guniya ya kweli itapita juu ya mstari wake wa kwanza. Jaribio hilo nimewafundisha mafundi wasiopungua thelathini. Nilichora, nikageuza, nikachora. Mistari miwili ilianza pamoja kwenye ukingo na kuachana kadiri ilivyopanda, ikaacha mdomo wazi kama wa kifaranga anayesubiri kulishwa.

Nilivua miwani, nikaisafisha, nikaivaa. Mdomo ulikuwa bado wazi.

Ndipo nikakumbuka. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa juu ya kenchi za kanisa nikibadilisha mbao zilizoliwa na mchwa, na guniya ikaniponyoka, ikaanguka hadi kwenye ngazi za mawe mlangoni. Akina mama walikuwa wametoka pale wakati huohuo. Nilishuka mbio, nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba haikumpata mtu, nikaiokota, nikaifuta vumbi na kupanda tena. Nilishukuru kwa ajili ya kila kichwa kilichopona. Guniya yenyewe sikuiuliza kama iliumia. Na mlango wa chumba chetu niliutengeneza mwaka huo, baada ya kuanguka kwake.

Mtani aliinama chini ya meza na kuvuta katoni. Ndani yake zilikuwa guniya, nyingine zimeanza kutu, na kila moja ilikuwa na X kwenye bapa. Zilikuwa X zangu. Nazijua, mstari wa pili wa X yangu siku zote hurefuka. Alisema hakuwahi kuziuza tena kwa sababu hakuna fundi wa Nyegezi ambaye angenunua kifaa kilichopigwa muhuri na mzee wa kanisa. Alikuwa akizitunza hadi siku ya msiba wangu. Alipanga kuja kama mtani, kuzimwaga zote mbele ya waombolezaji na kudai kila moja iombwe radhi kabla sijazikwa.

"Umeniharibia," alisema. "Sasa nitakuja na nini?"

Nilizigeuza na kuzijaribu kwenye ule ubao moja baada ya nyingine. Zilikuwa guniya nzuri, isipokuwa mbili. Nikachagua moja ya mkono wa mti na bapa refu, kwa sababu kiganja changu kimezoea mti. Nilitaka kuisugua X yake kwa msasa. Mtani akaniambia anaiuza pamoja na X, au haiuzi kabisa. Nikaichukua ilivyo.

Sasa nilikuwa na kazi mbili, na mimbari ilikuwa ndiyo nyepesi. Jumatano asubuhi, kabla ya kugusa randa, nilipita karakana kwa karakana pale barabarani. Ya kwanza ni ya fundi wa makamo, baba wa watoto watano, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Nilimwambia kwamba guniya yangu ilikuwa imepinda miaka kumi na moja, kwamba nilizihukumu zake tatu bila haki, na kwamba kama kuna kazi zake ziliharibika kwa kunifuata, naomba anisamehe. Alisimama akifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Nilidhani amekasirika. Kisha akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na guniya mbili.

"Usinielewe vibaya, mzee," alisema. "Moja ni ya kazi. Hii nyingine ni ya heshima."

Alikuwa ameigonga kwa nyundo hadi ikalingana na yangu. Akinunua mpya, alileta ile ya heshima niikague, akapokea baraka, akaenda kufanya kazi na nyingine. Niliuliza kama ni yeye peke yake. Akatazama chini. Barabara nzima, kumbe, kila fundi alikuwa na mbili. Waliopigwa X walikuwa wageni ambao hawajaelezwa, au wenyeji kama yeye kabla hawajaigundua njia hiyo. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia, na yeye akashangaa swali lenyewe, akasema, "Tungeanzaje?" Mimi ndiye niliyewalea hivyo. Kwa hiyo katika miaka yote kumi na moja, aliyepotea kwa guniya ile nilikuwa mimi tu, pamoja na mlango wa chumba chetu. Nilimshukuru Mungu kwa unafiki wao, jambo ambalo sitalifundisha kwa vijana wa kipaimara.

Nilirudi, nikachora pembe mraba kwa guniya yenye X, nikaigawa, nikaigawa tena, nikatengeneza kibao kipya cha mfano. Kilipishana na kile cha zamani kwa kiasi ambacho macho yangu yalikiona kwa shida. Lakini kwa kingo kumi na sita, kidogo hicho kilikuwa kimejumlika kuwa kidole kizima. Nilipiga randa upya kingo zote, na kila ukingo ulinidai nyuzinyuzi chache tu, nyembamba kama karatasi. Ilinichukua siku mbili. Mbao zilitosha. Ijumaa niliziunga zile saba kwa gundi na kukaza kamba, nikautia mlango bawaba, na upande huo wa nane ulipofika mahali pake ulifunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayefumba mdomo baada ya kusema amina.

Sikumruhusu mke wangu aje kutazama. Nilimwambia ataiona Jumapili pamoja na watu wengine.

Guniya ya mwalimu wangu sikuitupa. Iko kwenye msumari juu ya mlango wa karakana, imefungwa kwa kitambaa chake. Fundi akileta mpya, humpa ubao na penseli aigeuze mwenyewe mbele yangu. Mlango wa chumba nao nimeahidi kuurekebisha. Mke wangu anasema niuache, mguu umeshazoea.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Mtani alikuja na kanzu yake, akasimama mlangoni na wageni, akadai amekuja kuona kama Wasukuma wanatoa sadaka au wanakuja kula za wenzao. Mchungaji aliiombea mimbari, kwaya ikaimba, na washirika wakapita na mahindi yao na kuku waliofungwa miguu. Mke wangu alipita na kikapu cha viazi. Alikiweka chini pamoja na vingine. Kisha, badala ya kurudi, akaisogelea mimbari, akatafuta mahali ambapo upande wa nane unakutana na wa kwanza, akapitisha kidole chake cha shahada kuanzia juu hadi chini. Akarudia. Watu walidhani anaomba, wakainamisha vichwa.

Alirudi kwenye benchi letu, akaweka sawa kitenge chake, akatazama mbele.

"Nane," alisema.